Forester SG5: nati imetoka, bolti ndefu ya nyuma imeganda kwa kutu. Nichome au nikate?

Raskazone_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu na Subaru.

Gari ni Forester SG5 ya mwaka 2005. Tairi la nyuma kulia linaliwa upande wa ndani, na nikitoka Mombo kupanda Lushoto, kwenye zile kona za kabla ya Soni, nyuma inapotea njia kidogo halafu inarudi. Fundi alipachika mtaimbo kati ya linki (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu) na hausingi ya habu (chuma kinachobeba gurudumu) akautikisa mbele yangu: bushi zimekwisha, mpira umepasuka. Nimeshanunua linki mbili za kulia na bushi zote mpya.

Kilichokwama ni ile bolti ndefu inayopita sehemu ya chini ya hausingi, inayoshika linki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Nati ilikubali bila shida. Bolti ndiyo imegoma. Ukiizungusha kwa spana inakwenda kidogo, ukiachia inarudi yenyewe. Imegongwa kwa nyundo upande wa nyuzi mpaka ncha imepanuka, haijasogea hata unywele.

Sasa gereji hiyohiyo moja kuna maneno mawili. Mmoja anataka kuleta mtungi wa gesi aichome, mwingine anataka kuikata kwa grenda. Nimewaambia wasubiri kwanza, gari liko juu ya stendi. Ichomwe au ikatwe? Na je, nikipata bolti ya unene uleule kwenye duka la vifaa vya ujenzi, naweza kuifunga?

Dada yenu, Tanga.

Kirinyaga_Road

Sister, pole sana. Hapa Nairobi hizi Forester tunazifungua kila wiki na hiyo bolti ni ugonjwa wa kawaida, hasa ile gari ikiwa ilitumika kule Hokkaido, Japani. Mwagia WD-40 ikae usiku mzima, asubuhi pasha hausingi mpaka iwe nyekundu, kisha gonga. Moto ndio dawa ya kutu. Kukata ni kujiongezea kazi, kwa sababu kipande kinabaki ndani na bado utatafuta njia ya kukitoa.

Fundi_Tabata

Dada, pole, na umefanya vizuri kuwasimamisha. Naomba sana gesi isiwashwe gari likiwa hivyo lilivyo. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza tujue ugonjwa uko wapi, maana watu wengi wanapigana na nyuzi wakati nyuzi hazina kosa lolote. Nati yako si ilitoka?

Hayo maneno kwamba inakwenda kidogo halafu inarudi yenyewe ndiyo muhimu kuliko yote uliyoandika. Ndani ya kila bushi kuna kibomba cha chuma. Mpira umegandishwa kwa nje ya kibomba hicho, na bolti inapita katikati yake. Nafasi iliyopo kati ya bolti na kibomba ni finyu mno, maji ya chumvi yakishaingia hayana pa kutokea. Chuma kinaoza taratibu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo inajaza ule upenyo na kubana. Ikipita miaka, bolti na kibomba vimekuwa kitu kimoja. Ukizungusha kichwa cha bolti kibomba kinafuata, mpira unajikamua kama nguo iliyofuliwa, na ukiachia spana mpira ndio unaoirudisha bolti.

Usinisadiki mimi, kaangalie mwenyewe. Chuchumaa na tochi, mwambie fundi azungushe pole pole, wewe macho yawe kwenye ukingo wa mpira. Mpira ukijikunja pamoja na kichwa cha bolti, imeganda kwenye kibomba. Kichwa kikizunguka na mpira umetulia, bolti iko huru na nyundo itaimaliza. Ni ukaguzi wa dakika moja, na unaokoa siku nzima ya kugonga bure.

Chanzo cha kutu mwenzangu wa Nairobi amekitaja. Hokkaido, Tohoku, Niigata, kote huko majira ya theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na matairi yanaurusha ule mchanganyiko juu ya chuma cha chini. Gari linapanda meli likiwa limeng'arishwa kwa juu, huku chini safari ya kutu ilishaanza. Halafu linakuja kulala Raskazone, upepo wa bahari usiku na mchana.

Sasa moto. Kwenye hausingi hiyohiyo kuna beringi ya gurudumu yenye grisi na sili zake. Kuna sensa ya ABS na waya wake. Pembeni kuna hozi ya breki ya mpira, kuna buti la mpira la shafti ya nyuma. Juu kuna shokapu yenye mafuta na gesi iliyobanwa, nayo ikipata joto kali inaweza kupasuka. Tangi la petroli liko chini ya kiti cha nyuma, si mbali na mnapofanyia kazi. Ukiipasha hausingi mpaka iwe nyekundu, beringi umeiua hata kama bolti itatoka.

Halafu fikirini joto lenyewe linapita wapi. Moto unasaidia pale ambapo kilicho nje kinapashwa haraka, kinatanuka na kukiachia cha ndani. Hapa kilicho nje ya bolti ni kibomba, na kibomba kimevikwa mpira. Kabla joto halijakifikia mpira umeshashika moto, na mpira ukiwaka ni moshi mweusi na tabu ya kuuzima. Ukiamua kupasha bolti yenyewe kwa kichwani, bolti ndiyo inayotanuka na kuzidi kujaa ndani. Inaweza kuachia ikipoa, siwezi kukataa, ila wakati huo umeshaharibu vitu vya thamani kuliko bolti.

Mimi nakwambia kata. Piga hesabu hivi: linki unazo mpya, bushi unazo mpya, bolti utanunua. Kitu pekee usichokuwa nacho kipya ni hausingi. Kwa hiyo kabla ya kila kipigo na kila mkato, fundi ajiulize kama hausingi inabaki nzima. Kingine chote kinaruhusiwa kufa.

Kati ya linki na hausingi kuna upenyo mdogo, mbele na nyuma. Hapo ndipo pa kukata, pande zote mbili, ili linki zitoke na hausingi ibaki na kipande chake. Msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi ndio bora, wenye wembe wa kukatia chuma, kwa sababu unaingia mahali finyu na hautoi cheche nyingi. Kama hakuna, grenda yenye disiki nyembamba ya milimita 1, kinga yake ikiwa imefungwa. Na kama grenda haifiki, toa wembe wa msumeno wa chuma kwenye fremu yake, zungushia kitambaa upande wa kushikia, mkate kwa mkono kwa kupokezana. Ni jasho lakini unafika popote.

Kabla ya mkato wa kwanza: hozi ya breki na upande wa tangi vifunikwe kwa turubai bichi, ndoo ya mchanga iwe karibu, kila mtu avae miwani. Umesema gari liko juu ya stendi, vizuri. Hakikisha ni stendi za chuma na ziko sakafu ngumu. Jeki peke yake hapana. Matofali ya saruji ndiyo kabisa hapana, yanapasuka bila kutoa taarifa na mtu yuko chini anagonga.

Jambo jingine ambalo gereji nyingi wanaliruka. Linki ya nyuma, upande wake wa ndani kwenye krosmemba (boriti ya chuma inayovuka chini ya gari), ina bolti yenye washa ambayo tundu lake haliko katikati, pembeni ina alama za kupimia. Hiyo ndiyo inayopanga mwelekeo wa tairi la nyuma. Kabla haijaguswa, pigeni mstari wa rangi nyeupe unaovuka washa na krosmemba kwa pamoja. Mkifunga, mstari ukutane tena, gari litaweza kufika kwenye kipimo likiwa linaendeka.

Mambo ya bolti ya duka la ujenzi nitarudi kuyaeleza, sasa kuna mteja hapa.

Kirinyaga_Road

Fundi, kuhusu beringi uko sawa, sisi huwa tunaibadilisha pamoja na kazi hiyo, kwa hivyo hatuihurumii. Lakini usiwafanye watu waogope moto kila mahali. Kuna magari ambayo nati imechomelewa ndani ya krosmemba na hauioni. Pale ukilazimisha bila joto, nati inang'oka inaanza kuzunguka ndani, na itabidi ukate dirisha kwenye krosmemba ndio uifikie. Pale joto kidogo kwenye nati, mbali na mpira, linaokoa gari.

Fundi_Tabata

Hapo nakubaliana nawe kabisa ndugu yangu. Nati ya chuma juu ya nyuzi za chuma, hakuna mpira katikati, hapo joto ni halali. Nati inatanuka, kutu ya kwenye nyuzi inavunjika. Ninachokataa ni kupeleka dawa ya nyuzi kwenye ugonjwa wa kibomba.

Raskazone_Tanga

Nimetoka kuangalia na tochi kama ulivyosema. Mpira unajikunja wote, mbele na nyuma. Kwa hiyo imeganda kwenye bushi zote mbili?

Grenda ipo, ule msumeno wa umeme tutauazima. Swali, je, kumwagia mafuta kuna faida yoyote au tusipoteze muda? Na hicho kipande kitakachobaki kwenye hausingi kitatokaje?

Fundi_Tabata

Ndiyo, mpira ukijikunja pande zote ujue zote mbili zimeshika.

Mafuta mwagieni tu, gharama yake ni ndogo. Ila myaelewe: yanaingia kwa kupenya kwenye ncha, na bolti hii ni ndefu, katikati yatafika kwa kuchelewa au yasifike. Sisi hapa tunachanganya ATF (mafuta ya gia za otomatiki) na asetoni ya duka la rangi, nusu kwa nusu, tunatikisa kila tunapomwagia kwa sababu vitu hivyo havikai pamoja. Asetoni inawaka upesi sana na inakula rangi ya gari. Kwa hiyo mkishamwagia, hakuna grenda wala sigara mpaka pakauke na harufu iishe. Mafuta ya breki msiyatumie, naona watu wanashauriana hivyo. Yanababua rangi na hapo hayana faida yoyote.

Ncha iliyopanuka isageni kwa tupa mpaka irudi unene wa bolti, la sivyo hata kutu ikiachia haitapita kwenye tundu. Siku nyingine mkitaka kugonga bolti yoyote, rudisheni nati mpaka ilingane na ncha ndipo mgonge, nyuzi zinabaki salama.

Kipande kinachobaki: mfungue hausingi yote, sensa ya ABS itolewe kwanza na iwekwe mbali, kalipa ya breki isining'inie kwenye hozi yake, fungeni kalipa kwa waya kwenye springi. Hausingi ikishakuwa mezani, tafuteni karakana yenye presi ya tani 20. Hausingi ilale juu ya kipande cha bomba nene, ukingo wa tundu ukae vizuri juu ya mdomo wa bomba, presi isukume bolti kutoka upande ulionyooka zaidi. Mara nyingi unasikia mlio mmoja mkali, baada ya hapo inateleza. Ikikataa, hapo mezani joto la wastani linaruhusiwa, beringi ikiwa imefunikwa kwa kitambaa kibichi, na mjue kwamba beringi hiyo huenda ikadai kubadilishwa baadaye. Njia ya mwisho ni kutoboa, mnaanza na drili ya milimita 5 katikati kabisa na kupanda, mwendo wa pole, mafuta kila wakati. Bolti hizi ni ngumu, drili za bei rahisi zitaisha makali tu.

Hausingi ikiharibika, Gerezani hapa Kariakoo zinapatikana zilizotumika. Kagueni hilohilo tundu kabla ya kulipa, na mjaribu kupitisha bolti kwa mkono palepale dukani.

Pwani_Pemba

Salaam aleikum. Mimi natengeneza mashine za boti, si magari, lakini chumvi ni ileile. Naongeza moja tu: mkishafungua, sugueni lile tundu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma cheupe kionekane. Kisha tumieni grisi ya shaba, au grisi nzito ya baharini ile tunayopaka kwenye shafti za boti, isiyooshwa na maji kwa haraka. Grisi ya kawaida ya duka la baiskeli ni bora kuliko kukavu, lakini haidumu. Sisi huku chuma kinachokutana na chuma bila grisi tunakihesabu kama tumekichomelea.

Fundi_Tabata

Aleikum salaam. Umesema kweli, na nikitokea hapohapo nimalizie habari ya bolti.

Dada, usinunue bolti hii duka la ujenzi. Tazama kichwa cha bolti. Kuna tarakimu kama 4.6, 8.8, 10.9. Namba ya kwanza ukizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kuikata kwa kuivuta, katika newton kwa kila milimita ya mraba. Ya pili inaonyesha ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti inaanza kunyooka isirudi tena. Kwa hiyo 8.8 inakatika kwenye 800 na kuanza kunyooka kwenye 640. Ya 10.9 ni 1,000 na 900. Ya 4.6, hizi za kufungia mageti, ni 400 na 240 tu. Unaona tofauti? Zote zinang'aa, zote zinaingia tundu lilelile. Hata zile zisizoshika kutu zilizoandikwa A2-70 zinakatika kwenye 700, watu wanazipenda kwa sababu hazitaoza, lakini kwenye kazi hii hazifai. Kwenye kona za Soni na abiria nyuma, hiyo bolti ndiyo inayoshikilia gurudumu lisichague njia yake.

Bolti za Kijapani mara nyingi zina namba moja tu kichwani, mfano 7 au 10. Hiyo ni alama ya ugumu, haihusiani na namba ya spana, msizichanganye.

Kuna na sehemu isiyo na nyuzi. Bolti halisi ina mwili laini mrefu unaopita kwenye vibomba, nyuzi zinaanzia mwishoni tu. Ukiweka yenye nyuzi mwili mzima, mzigo unakaa juu ya mabonde ya nyuzi, hapo ndipo bolti hupasukia. Agiza kwa namba ya chesisi, bolti pamoja na nati yake. Nati ni ya kujifunga yenyewe, ikishafunguliwa inatupwa.

Grisi pakeni kwenye mwili wa bolti na ndani ya kibomba. Kwenye nyuzi hapana. Kipimo cha kukazia kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari kimepigwa kwa nyuzi kavu. Ukizilainisha, kwa spana ileile bolti inavutwa zaidi ya ilivyokusudiwa.

La mwisho, na hili naomba umsimamie fundi kwa macho yako. Asikaze bushi gari likiwa juu. Tairi likining'inia, linki zimeinama. Ukikaza hapo, kibomba kinabanwa kikiwa kwenye mwinamo huo, na ukishusha gari mpira unabaki umejikunja saa zote, hata gari likiwa limepaki. Bushi mpya inachanika mapema na lawama zinakwenda kwa muuza spea. Nati iguse tu kwa mkono, gari lishushwe, mbonyeze nyuma mara kadhaa likae sawa, kisha fundi aingie kwenye shimo akaze kwa spana ya torki likiwa limesimama kwa tairi zake. Hata kiwandani wanaagiza hivyo, Subaru wamelisema kwenye kitabu chao cha ufundi.

Raskazone_Tanga

Wakuu, nimerudi. Msumeno wa umeme umekata pande zote mbili bila shida, hausingi haina hata mkwaruzo. Kipande kilitoka kwenye presi ya karakana moja huku, na mlio ule kweli ulisikika mpaka nje. Nimekishika mkononi: katikati pameliwa pamekuwa pembamba, na kutu iliyokuwa imezunguka ni ngumu, inatoka kwa mabamba ya rangi ya kahawia iliyokolea, kucha haiingii. Mafuta tuliyomwagia yalikuwa yameingia ncha tu, katikati kukavu kabisa.

Bolti na nati mpya zimeagizwa kwa namba ya chesisi. Grisi ya shaba nimepata. Beringi imezungushwa kwa mkono, haina sauti.

Swali langu la mwisho: upande wa kushoto haujalalamika. Niuache, au nao uguswe sasa?

Kirinyaga_Road

Nimefurahi sister. Nimejifunza pia, hiyo ya kukaza ikiwa chini wengi hapa hawafanyi.

Fundi_Tabata

Hongera sana, na mpe salamu fundi wako, amefanya kazi safi.

Kushoto tazama mpira kwa tochi kama ulivyofanya kulia. Ukiwa umepasuka, fungueni sasa, maana msumeno mnao na njia mnaijua. Ukiwa mzima, uacheni, bolti iliyoganda kwenye bushi nzima bado inafanya kazi yake. Ila agiza bolti na nati ya upande huo leo, pamoja na hii, uziweke nyumbani.

Ukimaliza nenda kapime alaimenti (mwelekeo) ya tairi zote nne. Wengi watapima mbele tu na kukwambia tayari. Mwambie nyuma nako kunarekebishwa, umwonyeshe ile washa yenye alama. Na kabla hajaigusa, apitishe bolti yake nje, aisugue, aipake grisi mwilini, ndipo aanze kupima.